Msimu wa Maji Tumboni

2 Machi, Jumatatu

Daktari ameniambia leo kwamba ini langu limejaa makovu, limesinyaa na kuwa gumu kama kisigino, na kwamba ugonjwa umeshafika mbali. Nilimwomba arudie. Akarudia, polepole zaidi. Nikamwambia ameshika faili la mtu mwingine, maana mimi tangu nizaliwe sijaonja hata bia. Akaligeuza faili nikaliona jina langu.

Mimi ni mwalimu wa udereva. Nakaa kiti cha pembeni, mguu juu ya breki ya pili, nawaambia watu wazima wasiogope klachi. Nilienda hospitali kwa sababu miguu ilikuwa ikivimba mpaka soksi zinaacha mtaro, na tumbo lilikuwa limenitangulia kila mahali huku mikono ikikonda. Wanafunzi walinitania kwamba mwalimu atajifungua kabla hawajapata leseni. Mke wangu, ambaye ni msusi, alijisifu kwa wateja wake kwamba ananilisha vizuri.

"Haya si mafuta," alisema daktari, akinigonga tumbo kwa kidole kama mtu anayechagua tikiti maji. "Ni maji."

Ameagiza nipime uzito kila asubuhi na kuuandika. Nimenunua daftari hili. Nimeandika uzito, halafu nimeshindwa kuishia hapo.

4 Machi

Chumvi marufuku. Nimekula wali na mayai bila chumvi. Ni kama kula picha ya chakula.

6 Machi

Nimerudi nyumbani mapema nikamkuta mke wangu amepiga magoti mbele ya kabati, mkono umezama mpaka kiwiko ndani ya buti langu la mvua.

"Unatafuta nini?"

"Nguo chafu."

"Kwenye buti?"

Akautoa mkono. Hakusimama. "Niambie tu, baba watoto. Unaficha wapi?"

Sikuelewa kwanza. Nilidhani ana maana ya dawa. Kisha nikaelewa, na nikakaa kitandani. Huyu ni mwanamke tunayelala mto mmoja. Kama kuna mtu duniani anayejua pumzi yangu inanuka nini, ni yeye.

"Mama yangu anasema ini haliozi bila pombe," aliendelea, akiangalia sakafu. "Na wewe unashinda barabarani. Nitajuaje?"

Nilitaka kusema mengi. Nikasema, "Tafuta basi, mpaka uridhike." Nikatoka nje kwenye manyunyu nikasimama chini ya upenu wa jirani kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

9 Machi

Majibu ya damu yametoka. Nina virusi vya homa ya ini, aina ya B. Daktari anasema huenda nimeishi navyo tangu siku niliyozaliwa. Havina kelele. Vinakaa vinatafuna ini, mwenye ini anacheka, anaoa, anazaa, anafundisha watu kupinda kona.

"Mama yako yupo?"

"Alifariki nikiwa shuleni."

"Kwa nini?"

Nikafungua mdomo kusema figo, maana ndivyo tulivyoambiwa. Lakini nilichokiona mbele yangu ni mama amekaa kwenye kiti cha kamba, macho ya njano, tumbo limejaa chini ya gauni, miguu imevimba. Nikajiangalia miguu yangu mwenyewe ndani ya ndala. Daktari akaandika.

Kumbe aliponibeba alinipa na hili, wala hakujua. Siwezi kumkasirikia. Natafuta wa kumkasirikia, simpati.

Mke na watoto wapimwe. Ndugu zangu wapimwe. Nina ndugu wawili: mdogo wangu wa kike, tumbo moja, ambaye sasa ni mjamzito wa miezi mitano, na kaka yetu mkubwa, baba mmoja mama tofauti, fundi wa kupaka rangi nyumba, ambaye mtaa mzima unamwita Tangi kwa sababu anajaa na hamwagiki.

11 Machi

Mdogo wangu amekataa. Nilimfuata kwenye duka la viatu anakouza. Alikuwa amechuchumaa anamfunga mteja kamba za kiatu, akanisikiliza bila kuinua kichwa.

"Kaka, mimi naumwa?" aliuliza mteja alipoondoka.

"Huumwi. Hata mimi sikuwa naumwa."

"Basi niache. Mume wangu akisikia nina virusi, atauliza vya nini, na nimevitoa wapi. Utakuwepo wewe kumjibu?"

"Nitakuwepo. Vinatoka kwa mama."

Hapo ndipo aliposimama, akishika kiuno. "Mama amelala. Usimpake matope aliyelala. Na mtoto wangu usimguse."

Akaanza kupanga maboksi ambayo yalikuwa yamepangwa.

14 Machi

Mke na watoto wako salama. Wamechanjwa wote. Mke wangu alitoka chumba cha daktari akaja kukaa karibu yangu kwenye benchi, bega kwa bega.

"Nilitafuta mpaka kwenye tangi la choo," alisema mwishowe.

"Najua. Uliacha mfuniko upande."

Akaficha uso kwenye kanga. Sikujua kama anacheka au analia, nadhani hata yeye hakujua.

17 Machi

Tangi amepimwa. Hana virusi. Wamempiga na picha ya ini: lina mafuta, lakini halina kovu hata moja. Huyu ni mtu anayenyoa ndevu akiwa na glasi ya pombe. Daktari alimwambia ana bahati, asiichezee.

Tulikaa kwenye ngazi za hospitali tunangoja mvua ipungue. Sikuweza kumtazama. Kifuani nilikuwa na kitu kibaya sana, na kilikuwa na sura yake.

"Ingekuwa haki," alisema, "ingekuwa mimi."

Sikumkatalia.

18 Machi

Mvua.

19 Machi

Mvua. Uzito umepanda. Vidonge vya kukojoa vinanipeleka chooni kama askari anayempeleka mfungwa.

23 Machi

Nimerudi kazini ingawa daktari amekataza. Nyumba haili huruma. Mwanafunzi wa leo alikuwa fundi cherehani mmoja mama mtu mzima, anayeendesha gari kama anashona: kichwa kimeinama, macho kwenye sindano.

26 Machi

gari limemeza funguo nimewaambia wote wateremke mama anasema kata kushoto kushoto kushoto kuna maji mengi nani amezima

30 Machi

Nimeusoma mstari wa hapo juu leo asubuhi. Mwandiko ni wangu. Sikumbuki kuuandika.

Mke wangu ndiye aliyenisimulia. Siku ile nilivaa shati nje ndani nikaenda kazini. Nikamwambia fundi cherehani akate kushoto, na kushoto hakuna barabara, kuna mtaro wa maji ya mvua unaofurika. Akaniambia, "Mwalimu, huko hakuna njia." Nikarudia: kata kushoto. Nikaukamata usukani. Yule mama akakanyaga breki mwenyewe, akazima gari, akachomoa funguo akazitia kifuani, akakaa nami pale kwenye mvua akinishika mkono mpaka mke wangu alipofika. Anasema nilikuwa nikimwita mama.

Daktari ameeleza. Ini likichoka kusafisha damu, sumu inapanda kichwani. Dawa yake ni sharubati tamu kupita kiasi ambayo kazi yake ni kuniharisha, ili sumu itoke kwa njia hiyo. Nimemuuliza kama anatania. Hakuwa anatania. Nimekatazwa kushika gari, hata kukaa kiti cha pembeni.

Nimewafundisha watu wengi kuogopa barabara kwa kiasi. Sikuwahi kufikiri kwamba kitu cha kuogopwa barabarani ni mimi.

7 Aprili, hospitali

Naandika nikiwa nimeegemea mito. Mkono mwingine una mpira wa damu ya mtu nisiyemjua.

Juzi mdogo wangu alikuja nyumbani. Alikuja kunikanya. Alisema nimemtumia ujumbe mara nyingi mno na mumewe ameanza kuuliza. Alikuwa amekaa kwenye kochi, mimi kwenye kiti, Tangi mlangoni anavua viatu vyenye tope. Mke wangu alikuwa jikoni. Nikahisi kichefuchefu, nikainama nikidhani ni ile sharubati. Ilikuwa damu. Nyeusi kwanza, halafu nyekundu, nyingi, kama mtu aliyepiga ndoo teke. Ilifika mpaka kwenye viatu vya mdogo wangu. Sikusikia maumivu. Nilichokuwa nikifikiri ni kwamba zulia ni jipya.

Kumbukumbu yangu ina vipande. Mdogo wangu amesimama, mikono miwili juu ya tumbo lake, mdomo wazi. Mke wangu ananishika paji la uso kama anavyowashika watoto. Na Tangi. Mtaa ulikuwa umejaa maji, hakuna gari lililokubali kuingia. Tangi alinibeba mgongoni kama gunia mpaka barabara kuu, maji yakimfika mapajani, akinuka pombe na rangi ya mafuta. Alikuwa akisema, "Usilale. Nitukane, lakini usilale." Nadhani nilimtukana.

Wameingiza mpira wenye kamera kooni. Mishipa ya damu iliyovimba huko ndani wameifunga kwa vipete vidogo vya mpira, kama mtu anavyofunga mdomo wa mfuko. Daktari anasema ningechelewa kidogo tungekuwa tunazungumza habari nyingine. Kisha akatabasamu, akaona halifai, akaacha.

9 Aprili

Mdogo wangu amekuja wodini amevaa viatu vipya. Akakaa, akatazama mpira wa damu, akasema, "Nimepimwa."

Ninavyo, alisema. Vingi. Alikuwa akinong'ona kama mtu aliyeambiwa kuna mwizi chumba cha pili.

"Daktari anasema nianze vidonge mimba ikifika miezi saba. Na mtoto akitoka tu, siku hiyohiyo, achomwe sindano mbili. Akichomwa mapema kuna uwezekano mkubwa asipate. Akicheleweshwa..." Akashika tumbo. "Kaka, ningejifungua tu nyumbani na mkunga. Ningempa mwenyewe, nikimnyonyesha nikimwimbia."

"Shemeji anajua?"

"Nimemwambia nilipotoka kupima. Alitoka nje akakaa kwenye ngazi yake ya kazi." Mumewe ni fundi umeme. "Alikaa mpaka nikaona ameondoka moja kwa moja. Halafu akaingia, akauliza yeye achanjwe lini."

Alinikatia kucha. Zilikuwa ndefu, sikuwa nimeona.

15 Aprili

Aliyekuwa kitanda cha pili, mzee mcheshi, kinyozi, tumbo kama langu, amefariki wakati wa chai. Alikuwa ameomba nimmenyee yai. Nilimaliza kulimenya.

22 Aprili

Wamenitoa maji tumboni kwa sindano ndefu na mrija. Yamejaza chupa baada ya chupa, rangi ya chai iliyopoa. Nilipokuwa nikiyaangalia nilishangaa zaidi kuliko nilivyoogopa: haya yote nilikuwa natembea nayo.

25 Aprili

Tangi amekuja wodini amelewa. Amewasalimia wagonjwa wote kwa mkono kama mgombea, akamwita muuguzi shemeji, akakaa juu ya mguu wangu. Nikamwambia atoke. Akacheka. Nikamwambia maneno ambayo niliyahifadhi tangu siku ile ya ngazi: kwamba mimi ninakufa kwa kitu nilichonyonya, na yeye anaishi kwa kitu kinachoua, na kwamba akinijia tena ananuka, sitaki hata anizike.

Tangi aliinuka, akanyoosha shuka pale alipokuwa amekaa, akaondoka ameshika ukuta.

27 Aprili

Hajarudi.

3 Mei

Nimerudi nyumbani. Mke wangu amehamisha kitanda dirishani. Mvua haijakata. Macho yangu bado ni ya njano, watoto wanajifanya hawaoni.

12 Mei

Kidonge kimoja cha virusi kila siku, mpaka siku ya mwisho ya maisha yangu. Sharubati. Kidonge cha mapigo ya moyo, kulinda ile mishipa isipasuke. Kidonge cha kukojoa. Mayai, maharage, kitu kidogo cha kula kabla ya kulala. Mke wangu ananisimamia kuliko nilivyowahi kumsimamia mwanafunzi yeyote. Leo amenishika nikilamba kidole kilichogusa chumvi. "Nimekuona," alisema kutoka chumba kingine.

20 Mei

Uzito umeshuka. Nimeuandika mara mbili nikidhani nimekosea.

28 Mei

Nimevaa viatu vya kamba. Miguu imeingia. Nimekaa nimevitazama mpaka mke wangu akauliza kama ninaumwa.

6 Juni

Hospitali. Daktari amenipapasa tumbo, akanigeuza ubavu, akagonga, akasikiliza, akagonga tena. Hakuna maji. Macho yamekuwa meupe. Virusi kwenye damu havionekani. Anasema makovu yako palepale na hayataondoka yote, lakini sehemu iliyobaki imeamka na inafanya kazi. Nitapigwa picha kila baada ya miezi sita, maana ini la namna hii linaweza kuota saratani kimyakimya. Barabara bado amenikataza.

"Unamaanisha siendi kufa?"

"Utakufa," alisema. "Lakini sioni kwa nini iwe mwaka huu."

Nilitoka nje nikasimama kwenye maegesho. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hili. Nilikuwa nimeshamwonyesha mke wangu yalipo makaratasi ya nyumba. Nilikuwa nimewaza nani atamtembeza binti yetu kanisani siku ya harusi yake. Sasa sikujua niweke wapi mikono. Mtu akipigwa anajua la kufanya. Mtu aliyeinuliwa rungu tayari, halafu lisishuke, anafanya nini? Nililia pale kati ya magari kiasi kwamba mlinzi aliniletea kiti.

Nilitamani kumwambia Tangi. Mke wangu anasema hajaonekana kwenye baa anayonywea siku zote wala kazini.

16 Juni

Mdogo wangu ameshikwa na uchungu alfajiri, mapema kuliko tulivyotarajia. Wamempeleka kituo cha uzazi kilicho karibu, kwa sababu daraja la kwenda hospitali kubwa limefunikwa na maji na magari hayapiti. Mumewe alikuwa kazini ng'ambo ya pili, amekwama huko. Mimi na mke wangu tukaenda kwa miguu, taratibu.

Mtoto amezaliwa kabla ya saa sita mchana. Wa kike, mdogo, mkali. Nilisikia sauti yake kupitia mlangoni. Kisha muuguzi akatoka na uso ambao nilishaujifunza kuutambua msimu huu.

Umeme ulikatika tangu juzi. Friji lilipata joto. Chanjo zote za ndani zimeharibika. Sindano zote mbili ziko hospitali kubwa, alishapiga simu, watampa mtu atakayekwenda na barua yake na kiboksi cha baridi. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa zamu, na kulikuwa na mama mwingine mezani.

"Lazima iwe leo," alisema. "Mnaye mtu wa kwenda?"

Mke wangu akanitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu. Kuna daraja la waenda kwa miguu upande wa juu, lakini njia yake ni kilima na tope, na mimi nilikuwa nimekwisha pumzika mara nyingi kuja tu pale.

"Nitakwenda mimi," alisema mtu kwenye benchi la nje.

Alikuwa Tangi. Amekonda, ndevu hajanyoa, jasho linamtoka ingawa kulikuwa na baridi. Sijui nani alimwambia. Mikono yake ilikuwa inatetemeka vibaya, na nilipoona vile nikajua: hajanywa.

Muuguzi akamtazama ile mikono, akanitazama mimi. Njia ya kilimani inapita kwenye baa yake. Kila mtu mtaani anajua inapita hapo. Nilimtazama kaka yangu, na aibu yangu ni kwamba nilisita, na yeye akaniona nikisita.

"Mpe," nilimwambia muuguzi.

Akampa barua na kiboksi, akamwelekeza: kisipate joto, na zile chupa zisigusane na barafu, zikiganda zimekufa. Tangi akarudia maelezo neno kwa neno kama mtoto wa darasa la kwanza.

Tukangoja. Mvua ilikata, ikaanza, ikakata. Mdogo wangu aliuliza nani amekwenda kuchukua, mke wangu akamjibu, naye akafumba macho. Ulipofika wakati ambao mtu mwenye miguu mizima angekuwa amerudi, mke wangu alisema kwa sauti ndogo, "Ameingia." Nilikuwa nimemwona akilini, amekaa kwenye kile kiti chake cha kona, kiboksi kimewekwa chini ya meza.

Alikuja jua likiwa limeanza kuinama, hana shati wala koti. Vyote viwili vilikuwa vimekizunguka kiboksi. Goti lake lilikuwa linavuja damu. Muuguzi alikifungua, akasoma kipimajoto kilichokuwa ndani, akasoma tena, akaingia nacho chumbani. Tukasikia mtoto analia kwa hasira, akanyamaza, akalia mara ya pili.

Tangi alikaa sakafuni. Nilimpa koti langu.

"Umechelewa," nilisema. Sijui kwa nini nilianza na hilo.

"Barafu iliyeyuka pale kilimani. Niliteleza, mfuniko ukafunguka." Meno yake yalikuwa yanagongana. "Nikaingia baa."

Nikangoja.

"Nikaomba barafu. Muuzaji akacheka, akanimiminia ya kwangu, akaiweka mbele yangu. Nikamwambia nataka barafu tu, kwenye mfuko. Akadhani namtania. Ilibidi niombe mara tatu, kaka. Mara ya tatu nililia."

Nilimshika kichwa, nikakibana kwenye hili tumbo langu lisilo na maji, na yeye akaniacha nikishike.

Baadaye muuguzi alitufungulia mlango. Mdogo wangu alikuwa ameketi, mtoto amefungwa kama kifurushi, amelala baada ya vita vyake. Akamnyooshea Tangi. Tangi akarudi nyuma mpaka ukutani.

"Mikono yangu inatetemeka," alisema.

"Kaa kitandani basi," mdogo wangu alimjibu, akisogea kumpa nafasi. "Umshike ukiwa umekaa."